Mgeni, mhamiaji haramu na mtu asiye na nchi: tusiwatie kapu moja

Kila panapotokea msako wa wageni huku Kwale, baraza yetu hugawanyika. Majuzi baada ya Isha, muuza kahawa hajapitisha hata mzunguko wa pili, mzee mmoja alisema kwa sauti: "Asiye na kitambulisho arudi kwao. Sheria ni sheria." Wengi wakaitikia kwa kichwa. Mimi nilitazama chini. Kuliani kwangu alikuwa amekaa jirani yangu, mvuvi, Mpemba, aliyeishi miaka zaidi ya arobaini bila kitambulisho. Kwao ni nyumba ya tatu kutoka pale barazani.

Hakujibu kitu. Alimaliza kahawa yake, akaweka kikombe chini, akasema, "Haya wazee wangu, tuonane kesho inshallah," akaenda zake.

Nilirudi nyumbani na maneno yale kichwani. Mzee aliyeyasema si mtu mbaya. Ni mtu ambaye ukifiwa usiku atafika kwako kabla ya jamaa zako. Na miaka ya nyuma hata mimi nilikuwa nikisema hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba maneno hayo huwatia kapu moja watu watatu tofauti: mgeni aliye na kibali, mgeni aliyeingia au anayekaa kinyume cha sheria, na mtu ambaye hana nchi nyingine yoyote ya kurudi. Tusipowatenganisha watatu hawa, tutaendelea kubishana miaka nenda miaka rudi na hakuna atakayemwelewa mwenzake. Leo nataka kueleza sheria inasemaje, na kwa nini jambo hili linatugusa sisi watu wa Pwani kuliko tunavyodhani.

Maoni matatu ya barazani

Nimekuwa nikisikiliza mjadala huu kwa miaka, kwenye kahawa, kwenye matatu na kwenye mikutano ya chifu. Maoni ni mengi lakini ukiyachuja yanabaki matatu.

La kwanza ni lile la mzee wetu: sheria ifuatwe. Wanaolisema huuliza, kama mtoto wangu aliyezaliwa hapa anasumbuliwa kupata kitambulisho, anaambiwa alete cha baba, cha mama na wakati mwingine cha babu, kwa nini mtu wa kutoka ng'ambo apewe kirahisi?

La pili ni la udugu. Hawa husema mpaka huu uliletwa na Mzungu. Wadigo wako Kwale na wako Tanga. Wavumba wana jamaa pande zote mbili. Harusi zetu na misiba yetu haijui Lungalunga wala Horohoro. Basi nani amwite mwenzake mgeni?

La tatu ni la tahadhari. Wenye maoni haya hawana chuki na mtu, lakini wanahofia ardhi, kazi, usalama na kura. Februari 2025, Rais William Ruto alipotangaza akiwa Wajir kwamba kupigwa msasa kwa ziada kwa wakaazi wa kaunti za mpakani kumeondolewa, mjadala uliwaka nchi nzima. Waliosumbuliwa miaka mingi walishangilia. Wengine wakasema mlango umeachwa wazi kwa wageni na kwamba lengo ni kura za 2027.

Kila moja ya maoni haya ina ukweli ndani yake. Lakini karibu wote tunaobishana hatujui jambo moja la msingi: sheria inamwita nani raia.

Raia ni nani?

Watu wengi hudhani kuzaliwa Kenya kunatosha kumfanya mtu kuwa Mkenya. Sivyo. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa baba yake au mama yake alikuwa raia wa Kenya, awe amezaliwa ndani ya nchi au nje. Kinachoangaliwa ni mzazi. Mahali pa kuzaliwa hapatoshi. Ndiyo maana cheti cha kuzaliwa peke yake hakithibitishi uraia. Kinathibitisha tu kwamba mtoto amezaliwa hapa, siku fulani, na wazazi fulani.

Lipo jambo moja hapo. Mtoto mdogo akiokotwa Kenya, anaonekana hajafikisha miaka 8, na wazazi wake na utaifa wake haujulikani, Katiba inamhesabu kuwa raia kwa kuzaliwa. Yaani mtoto asiyejulikana ametokea wapi analindwa. Lakini mtoto ambaye wazazi wake wanajulikana na kijiji kizima, ila hawana karatasi, hayumo katika ulinzi huo.

Tazama pia neno "au" katika Kifungu cha 14: baba *au* mama. Hapa ndipo familia nyingi za Pwani zinapopoteza haki bila kujua. Mtoto wa mama Mdigo na baba Mpemba asiye na karatasi ni Mkenya tangu siku aliyozaliwa. Haombi uraia, anao. Hata katika katiba ya zamani, mtoto aliyezaliwa ndani ya Kenya aliweza kuupata uraia kwa mama. Kasoro ya zamani ilikuwa kwa watoto waliozaliwa nje, ambao walitegemea baba tu, na kwa wanaume wa kigeni waliooa Wakenya, ambao hawakuwa na njia waliyokuwa nayo wake wa kigeni walioolewa na Wakenya. Katiba ya 2010 iliondoa ubaguzi huo, na ikasema kanuni ya baba au mama inawahusu hata waliozaliwa kabla yake.

Njia ya pili ni uraia wa kuandikishwa, ulio katika Kifungu cha 15. Aliyeoa au kuolewa na Mkenya anaweza kuomba baada ya miaka 7 ya ndoa. Mgeni aliyekaa nchini *kihalali* miaka 7 mfululizo anaweza kuomba pia, akitimiza masharti mengine. Nimelitia mkazo neno "kihalali" kwa sababu ndilo linalofunga mlango kwa wengi. Ukikaa miaka 50 bila kibali, mbele ya sheria hiyo hujakaa hata mwaka mmoja.

Nani hasa amevunja sheria?

Sasa tuje kwa mgeni. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki akiingia Kenya kupitia mpakani akiwa na hati yake, hupewa ruhusa ya kukaa hadi miezi 6 chini ya makubaliano ya Soko la Pamoja yaliyoanza Julai 2010. Akitaka kufanya kazi anahitaji kibali cha kazi. Huyu ni mgeni halali. Hakuna anayepaswa kumsumbua, na yeye hapaswi kujiita Mkenya.

Aliyepita njia za panya bila kujionyesha kwa afisa wa uhamiaji, au aliyeingia vizuri kisha muda wake ukaisha naye akanyamaza, yuko nchini kinyume cha sheria. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inasema mtu kama huyo akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, kisha arudishwe kwao. Hapa mzee wetu ana haki. Nchi ina mpaka, na nchi isiyojua nani ameingia haiwezi kuwalinda waliomo.

Lakini angalia, hukumu hiyo inategemea jambo moja ambalo hatulifikirii: lazima pawe na "kwao". Mtanzania ana Tanzania. Msomali ana Somalia, hata kama ni ya vita na huenda sheria ya wakimbizi ikamlinda. Je, mtu ambaye hakuna nchi inayomtambua utampeleka wapi? Ukimtia kwenye gari hadi mpakani, Tanzania itakuuliza, "Huyu ni wetu kwa karatasi gani?" Hana. Huyu ndiye wanayemwita mtu asiye na utaifa. Kwa miaka kadhaa shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, lilikadiria kwamba watu kama yeye nchini Kenya walikuwa takriban 18,500. Wengi walikuwa majirani zetu hapa Pwani.

Mwezi mmoja uliowageuza watu wageni

Walikosaje nchi? Jibu liko kwenye historia yetu sisi.

Tangu 1895 ukanda wa maili kumi wa Pwani, kuanzia Vanga kupanda juu, ulikuwa chini ya utawala wa Waingereza kwa makubaliano na Sultani wa Zanzibar, lakini kwa jina ulibaki kuwa wa Sultani. Mvuvi aliyetweka tanga Pemba na kushuka Shimoni au Gazi hakuwa amehama nchi. Alikuwa ametoka sehemu moja ya milki ya Sultani akaingia nyingine. Hakuna aliyempa kibali kwa sababu hakuna aliyefikiri anahitaji kibali.

Kisha mambo yakaenda mbio. Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, walikubaliana ukanda huu uwe sehemu ya Kenya. Zanzibar ikapata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, Kenya tarehe 12. Katiba ya uhuru ikampa uraia moja kwa moja mtu aliyezaliwa Kenya na ambaye mmoja wa wazazi wake pia alizaliwa Kenya. Wengine walipewa nafasi ya kuomba kuandikishwa katika miaka 2, hadi Desemba 1965. Mvuvi wa dago, asiyejua kusoma na asiyesikia redio, alijuaje? Miaka miwili ilipita. Alilala mwenyeji akaamka mgeni, na hakusogea hata hatua moja.

Baadaye bunge lilijaribu kurekebisha. Sheria ya 2011 ilisema mtu asiye na utaifa aliyeishi Kenya mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963 ahesabiwe kuwa amekaa kihalali na aruhusiwe kuomba uraia, naye na wazao wake. Mojawapo ya masharti ni awe anajua Kiswahili au lugha nyingine ya kienyeji. (Hapo Wapemba hucheka, Kiswahili chao kingetufundisha sisi wengine.) Ilikuwa hatua njema. Lakini hebu itazame tarehe hiyo tena.

Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea tarehe 12 Januari 1964. Familia nyingi zilikimbia Unguja na Pemba baada ya hapo na kuja pwani ya Kenya. Sheria iliweka mstari tarehe 12 Desemba 1963. Mwezi mmoja kamili. Aliyeshuka Vanga mwezi Novemba 1963 akitafuta samaki ana mlango. Aliyeshuka Vanga mwezi Februari 1964 akikimbiza roho ya watoto wake hana. Wajukuu wao wamesoma madrasa moja, wamecheza mpira uwanja mmoja, lakini mbele ya sheria mmoja anaweza kuomba na mwenzake hawezi.

Na hata mlango huo ulikuwa wa muda. Ulifunguliwa kwa miaka 5 kuanzia Agosti 2011, ukaongezwa miaka 3, ukafungwa 2019.

Waliotembea hadi Ikulu

Wamakonde walikuwa na hadithi inayofanana. Walitoka Msumbiji enzi za ukoloni kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya Kwale, Kilifi na Taita Taveta. Wengine walikuja baadaye wakikimbia vita. Waliletwa kwa sababu kazi ilihitaji mikono. Mashamba yalipofungwa hakuna aliyewaandalia karatasi wala nauli ya kurudi. Wakabaki, wakachonga vinyago, wakazaa.

Oktoba 2016, mamia yao pamoja na wengine wasio na utaifa walitoka Kwale wakaelekea Ikulu, Nairobi, kwa miguu. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliwapokea na kuagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Mwanzoni mwa 2017 walitambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Desemba 2020 zikatangazwa jamii nyingine: Washona 1,670, ambao wazee wao walikuja na kanisa kutoka Zimbabwe, na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda. Zamu ya Wapemba ilifika Januari 2023, walipotambuliwa kuwa mojawapo ya jamii za Kenya. Julai mwaka huo Rais Ruto alifika Kilifi akakabidhi vitambulisho. Wapemba waliokuwa wakisubiri ni watu wapatao 7,000.

Utaona kila kundi limepata haki kwa tangazo la rais, baada ya kelele nyingi. Ni jambo la kushukuru. Lakini haki inayotegemea tangazo humwacha nyuma yule ambaye siku ya tangazo hakuwapo.

Foleni ambayo haikuwapo

Narudi kwa jirani yangu. Wazazi wake walitoka Pemba mwaka 1964, baada ya mapinduzi. Yeye amezaliwa hapa. Kwa miaka mingi laini yake ya simu ilisajiliwa kwa kitambulisho changu. Najua si halali, sijisifu kwa hilo, ila bila kitambulisho hapati laini, na bila laini hapati M-Pesa, na siku hizi mnunuzi wa samaki hatembei na noti. Kila alipolipwa, pesa ziliingia kwa jina langu. Siku nikigombana naye ningeweza kuzichukua zote, na hangekuwa na pa kunishitaki. Alilijua hilo. Nami nililijua. Miaka yote hiyo hakuwahi kunijibu kwa ukali hata mara moja, na mimi nikadhani ni tabia yake tu.

Chombo chake kiliandikwa kwa jina la shemeji yake, Mdigo, kwa sababu leseni ya uvuvi haitoki kwa asiye na kitambulisho. Katika BMU, ambapo wavuvi huamua mambo ya bandari yao, hakuweza kuwa mwanachama. Askari wakisikika usiku, alilala baharini.

Siku moja nilimwambia, "Ami, si uende ukajiandikishe kama wengine? Panga foleni tu." Akanitazama, akasema, "Foleni iko wapi, nikaipange?"

Sikuwa na jibu. Nilipoanza kuuliza ndipo nikaelewa. Hakuwa mgeni halali, kwa hivyo miaka 7 haikumhusu. Hakuwapo kabla ya Desemba 1963, wala wazazi wake, kwa hivyo sheria ya 2011 haikumhusu. Tanzania haikumjua. Tunapowaambia watu wafuate sheria, tunadhani kila mtu amewekewa njia akaikataa kwa kiburi. Yeye hakuwekewa yoyote mpaka 2023.

Kitu kingine nilichogundua kiliniuma zaidi. Mkewe ni Mdigo, Mkenya, ana kitambulisho. Kwa hivyo watoto wao ni Wakenya kwa kuzaliwa, hawakuhitaji kusubiri tangazo lolote. Lakini walipokwenda katika ofisi moja, waliambiwa "watoto hufuata baba", wakarudishwa. Binti mkubwa alikaa miaka mitatu baada ya kumaliza shule bila kitambulisho, bila chuo, kwa neno la mtu mmoja ambaye hakusoma Katiba, na sisi majirani ambao pia hatukuwa tumeisoma.

Jirani yangu sasa ana kitambulisho. Lakini ana mdogo wake. Wakati wa kuandikisha, mdogo wake alikuwa dago, kaskazini, msimu wa samaki. Aliporudi, waandikishaji walikuwa wameshaondoka. Mkewe ni Mpemba pia, naye hana. Mtoto wao wa kiume anafikisha miaka 18 mwaka huu.

Hofu za wenyeji zisipuuzwe

Nisieleweke kwamba wenye tahadhari hawana hoja. Wanayo, na inafaa ijibiwe kwa heshima.

Usalama: Pwani tumeona mashambulizi. Mpeketoni 2014 haijasahaulika. Lakini mtu hatari kwa usalama ni yule asiyejulikana. Aliyeandikishwa ametoa alama za vidole, picha, jina la baba, jina la mama na kijiji. Ukimwacha nje ya daftari humwoni, na askari anayemwona huona fursa ya kitu kidogo.

Kura: ni kweli vitambulisho vinaweza kutolewa kwa hila kabla ya uchaguzi. Dawa yake ni uandikishaji unaofanyika mwaka mzima, hadharani, mbele ya wazee, badala ya kusubiri uchaguzi ukaribie. Kinachofanyika kwa utaratibu huzua shaka ndogo.

Ardhi: hii ndiyo inayouma zaidi, na hapa nawaomba wenzangu tukumbuke jambo. Kwa nini Wamijikenda wengi leo ni maskwota katika ardhi ya babu zao? Sababu mojawapo kubwa ni sheria ya hati za ardhi ya 1908. Serikali ya kikoloni ilitaka kila mwenye dai la ardhi katika ukanda wa Pwani alilete na liandikwe. Wenye habari na wenye karatasi waliandikisha. Wengi wa babu zetu hawakuandikisha. Ardhi yao ilikuwa ya ukoo na dai lao halikuhesabiwa. Ardhi ambayo haikudaiwa ikageuka kuwa ya serikali. Zaidi ya karne moja baadaye, bado tunalia kwamba tulinyang'anywa haki kwa sababu ya karatasi na tarehe ambazo hatukuelezwa.

Sasa tumwambie Mpemba nini? Kwamba tarehe ilipita na karatasi hana? Maneno hayo tunayajua. Tuliambiwa sisi.

Wala kitambulisho hakimpi mtu shamba la mwenzake. Kinampa jina lake kwenye simu yake, kwenye leseni yake na kwenye cheti cha mtoto wake. Ardhi ni vita nyingine, na tutaishinda tukiwa wengi tulio na majina.

Nini kifanyike

Kwa bunge, ombi ni moja: mlango uliofungwa 2019 ufunguliwe tena, na tarehe ya 1963 iangaliwe upya, ili mtu aliyezaliwa hapa na asiye na nchi nyingine awe na njia ya kudumu ya kuomba, asisubiri tangazo. Nchi yetu imeshakumbushwa jambo hili. Machi 2011 Kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya iliwakosea watoto wa Kinubi kwa kuwaacha bila utaifa. Uamuzi ulihusu Wanubi, lakini msingi wake unawagusa watoto wote: mtoto hastahili kubeba kosa la karatasi za babu yake.

Kwa sisi majirani, yapo mambo ya kufanya leo. Kwanza, mtoto akizaliwa aandikishwe na apate cheti cha kuzaliwa mapema, hata kama wazazi hawana vitambulisho. Cheti hakimpi uraia lakini kinatunza ukweli wa wapi na lini. Pili, kama mama ni Mkenya, mtoto ni Mkenya. Nenda na kitambulisho cha mama na cheti cha mtoto, na ukiambiwa mtoto hufuata baba, taja Kifungu cha 14 kwa upole. Tatu, tunza kila karatasi: kadi ya kliniki, barua ya shule, stakabadhi ya shamba la mkonge, hata kipande cha zamani cha babu. Nne, wazee wanaojua nani alifika lini waulizwe na maneno yao yaandikwe wakiwa hai, kwa sababu mara nyingi wao ndio ushahidi pekee uliobaki.

Hili la nne ndilo lililonirudisha kwa mzee wetu. Nilimfuata nyumbani kwake Ijumaa baada ya swala. Sikwenda kubishana. Nilimuuliza tu kama anakumbuka wazazi wa jirani yetu walifika lini.

"Nakumbuka," akasema. "Nilikuwa mtoto. Jahazi liliingia asubuhi, maji yamejaa. Mama yao alikuwa amebeba mtoto mgongoni. Marehemu mama yangu ndiye aliyewapikia uji."

Nikamwambia kuna mjukuu wa watu wale anafikisha miaka 18 mwaka huu, na kwa chifu watataka mtu wa kusema familia hii imeishi hapa tangu lini.

Alinyamaza kitambo, akarekebisha kofia yake. "Mimi bado nasema sheria ifuatwe," akasema. "Lakini nikiulizwa, nitasema nilichokiona."

Sikumwomba zaidi ya hilo. Tumekubaliana kwenda Jumatatu.